Kiti cha Kanali

Siku ambayo mume wangu alipanga kumpeleka dada yake kwa Kadhi, Kwale mjini, ili huyo dada akakubali mbele ya watu kwamba shamba la baba yao liuzwe, dada mtu alipandwa na pepo. Wala si pepo wa aina tuliyoizoea huku Msambweni, Mwarabu wa kutaka ubani na halua, au Mpemba wa kutaka kitambaa chekundu. Huyu alikuwa Mmarekani. Alikuwa kanali wa jeshi, tena mbunge, na alikuwa amekufa zamani sana, kabla babu zetu hawajazaliwa.

Naeleza kama ilivyokuwa. Anayetaka kucheka na acheke. Mimi mwenyewe nilicheka, nikakatazwa.

Mume wangu ni Matano. Dada yake, yaani wifi yangu, ni Mwanapili. Wamezaliwa wawili tu. Mwanapili aliolewa Majoreni, akaachwa, akarudi kwa mama yake, akamuuguza mpaka akamzika, na tangu hapo anaishi peke yake katika nyumba ya wazazi, kule shambani, kwenye njia ya kuteremkia baharini. Ana minazi yake, mikorosho yake na kuku wasiosikia la mtu. Sisi tulijenga upande wa pili wa lami. Nikitaka chumvi, ni kuvuka tu.

Mwakilishi wa wadi yetu alipofariki, uchaguzi mdogo ukatangazwa, na Matano akapata homa ya siasa. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji, watu wakimwita “Mheshimiwa” kwa mzaha, naye akaanza kuitika bila mzaha. Kampeni inataka mafuta ya gari, fulana, chai ya wazee na soda za vijana. Hatukuwa na chochote cha namna hiyo. Tulichokuwa nacho ni shamba, na palikuwa na mtu wa Nairobi aliyekuwa akilizungukazunguka, akitaka kujenga nyumba za wageni.

“Dada amekubali,” Matano akanambia.

“Amekubali au amenyamaza?”

“Mama Swabir, mtu akinyamaza si ndiyo kukubali?”

“Na atakaa wapi?”

“Atakaa na sisi. Kwani sisi ni watu baki?”

Nyumba yetu ina vyumba viwili na watoto wanne. Nilikasirika, sifichi. Lakini nilijua kwa nini Mwanapili alinyamaza. Baba yao alikufa yeye akiwa hata meno ya utoto hayajang'oka. Matano ndiye aliyemvusha mto kwenda shule, Matano ndiye aliyekwenda Majoreni kumchukua alipoachwa, na hakumwuliza hata neno moja njiani. Kaka wa namna hiyo humwambii hapana usoni. Mwanapili hakuwa na mdomo wa kulisema neno hilo, na bila kulisema angelala uani kwangu mpaka siku ya kufa.

Basi, asubuhi ya safari nikavuka kwenda kumsaidia kufunga buibui lake. Nikamkuta amekaa chini sebuleni, mgongo umenyooka, macho yako wazi na hayanioni. Akasema kitu kwa Kiingereza cha puani. Nikamwita. Akaniamkia, kwa Kiingereza hichohicho, akaniita bibi mwema, akaniuliza farasi wake yuko wapi.

Safari ya Kwale haikuwepo tena. Matano alilalama, akatazama saa, akapiga simu. Kisha akafanya ambalo kila mtu hapa angelifanya, akamwita Menza.

Menza ni mganga wa pepo, na pia ni fundi wa pikipiki, na kazi zote mbili anazifanya kwa mtindo mmoja: anasikiliza kwanza mlio. Ustadhi wetu hapendi mambo haya na ameyasema msikitini zaidi ya mara moja. Mimi naswali, tena ni mwalimu wa shule ya msingi, nami pia siyapendi. Lakini nilikuwepo, na siwezi kusema sikuwepo.

Alasiri ile ngoma zikapigwa uani, ubani ukafukizwa, na Menza akauliza yale maswali yanayoulizwa kila pepo.

“Nani wewe? Watoka wapi? Wataka nini?”

Mwanapili akajibu kwa Kiingereza, maneno mengi. Menza akageuka, akatafuta mtu. Yeye anajua Kiarabu cha pepo na Kimasai cha pepo, Kiingereza hana. Watu wakanitazama mimi.

“Mwalimu Twaiba, fasiri.”

Nikafasiri. Anasema yeye ni Kanali Amos Tredwell. Mara nikajua ametoka wapi. Mwanapili alifanya kazi miaka mingi Diani kwa mzee mmoja Mmarekani, Mzee Tredwell, ambaye macho yalikuwa yamemzimikia. Alimpikia, alimfulia, na kila baada ya chakula cha mchana alimsomea kitabu. Mzee hakutaka kitabu kingine ila kimoja, maisha ya babu wa babu yake. Wakikimaliza, wanaanza upya. Mzee alikufa mwaka juzi wakiwa katikati.

Nikamweleza Menza. Hakushangaa hata kidogo.

“Basi ni hivyo. Yule mzee ndiye aliyekuwa kiti chake. Kiti kimekufa, pepo katafuta kiti kingine.”

Maana huku kwetu mtu anayepandwa na pepo ndiye kiti chake. Pepo hana mwili, lazima amkalie mtu. Matano alikuwa amesimama pale pale Menza akilisema hilo, na alilisikia kwa masikio yake. Nataka hilo likumbukwe.

Kanali akaanza kutoa habari zake, nami nikafasiri. Alizaliwa katika nyumba ya magogo, baba yake mkulima. Kijana bado, alikwenda magharibi, ambako serikali yao ilikuwa haijafika sawasawa, akafanya kazi ya kupima ardhi kwa mnyororo. Alipima, akaona ni nzuri. Vita vilipozuka alikusanya vijana wa kujitolea, nao wakamchagua awe mkubwa wao kwa sababu ndiye aliyekuwa na viatu vizuri. Vita vyenyewe vilikwisha katika msimu mmoja.

“Vita na nani?” Menza akauliza.

“Na Wahindi,” nikasema. “Aliwatoa katika ardhi yao.”

Menza akainua mkono, ngoma zikanyamaza. “Wahindi gani? Hawa wa vitambaa, wa Kona ya Musa?”

“Si hao. Ni wenyeji wa kule kwao. Wazungu waliwakosea jina, jina likabaki.”

“Wamewakosea jina, kisha wakawatoa?”

“Ndivyo.”

Menza akatikisa kichwa, akaruhusu ngoma ziendelee. Hapo ndipo nilipocheka, na shangazi yake Matano akanifinya.

Kanali akaendelea. Alirudi kutoka vitani akiwa na cheo, akagombea baraza la jimbo, akashindwa. Akagombea tena. Safari hii alisimama juu ya pipa kwenye njia panda, akahutubia mpaka sauti ikamkauka, akawapa watu pombe, akashinda. Barazani alitunga sheria ya kuwavusha wale wenyeji ng'ambo ya mto mkubwa, na mji mmoja ukapewa jina lake. Vita vikubwa vya wao kwa wao vilipokuja aliongoza kikosi, akapoteza vidole viwili. Baadaye akataka kwenda baraza kubwa zaidi, la taifa zima, na marafiki zake wakamgeuka.

Nilipomtazama Matano, hasira zote zilikuwa zimemtoka. Alikuwa ametambaa mpaka mbele, amekunja miguu, anasikiliza kama mtoto wa madrasa. Pepo wa mtu mwingine hutaka kanzu. Dada yake yeye amepandwa na mbunge.

“Mwulize alishindaje mara ya pili,” akaninong'oneza.

“Si nimekwambia? Pipa na pombe.”

“Mwulize sawasawa, Mama Swabir.”

Basi mambo yakageuka hivyo. Jambo lililotakiwa kuzuia uuzaji likawa mshauri wa kampeni. Kanali alitaka kofia pana. Matano akaenda mwenyewe Kona ya Musa, akaichambua mitumba mpaka akaipata. Alitaka kahawa chungu isiyo na sukari, ikapikwa. Kila Ijumaa baada ya swala Menza alikuja na watu wake, Mwanapili akavaa kofia, na Matano akaketi mbele yake na maswali. Awafanyeje wapinzani? Aanze hotuba na nini? Kanali alimjibu mengi, na mengine, kusema kweli, yalikuwa na akili. Alimwambia mtu akupaye mkono wa kushoto usimhesabie kura.

Na shamba? Mtu wa Nairobi alikuwa akipiga simu kila siku. Matano alisema Kanali akishatulizwa tu, safari ya Kwale itakuwepo. Mimi nilivuka lami kila jioni, nikamkuta Mwanapili anapalilia, anakuna nazi, anafukuza kuku, mtu mzima mwenye akili zake. Nikimwuliza anakumbuka nini, anasema kichwa kinamwuma. Sikuwa na uhakika naye. Mara nyingine nilimwamini, mara nyingine nilitamani kumkamata mabega nimtikise, nimwambie: wifi, umeshampa huyu bwana kila kitu isipokuwa lile neno moja.

Ijumaa ya mwisho kabla ya kupeleka jina tume ya uchaguzi, Matano alikuja na mtu mwingine. Gerishom, kijana kutoka bara, anafanya kazi mapokezi katika hoteli moja Diani na ndiye aliyekuwa akimtengenezea mabango ya kwenye simu. Alikuja kuhakikisha kama mimi nafasiri kwa haki. Nilitaka kumtupia kahawa ya Kanali, lakini yeye hakuwa na kosa.

“Madam yuko sawa kabisa,” Gerishom akasema baada ya kusikiliza kidogo. “Hata mimi singetranslate hivyo poa.”

Matano akajisogeza. Safari hii hakupitia kwangu. Aliuliza kwa Kiswahili, kwa adabu zote.

“Kanali, heshima yako. Mimi nduguyo nagombea kiti. Je, kiti nitakipata?”

Mwanapili akaishusha kofia mpaka kwenye nyusi. Jasho lilimtiririka chini ya ile kofia. Kisha pepo, kwa mara ya kwanza tangu aje, akaacha Kiingereza. Akasema Kiswahili, kile cha wazungu wa zamani wakizungumza na mpishi.

“Kiti hapana toka shamba hii. Kiti nakaa hapa, mzuri. Kiti natoka hapa, kwisha.”

Nikamwona Menza ameinamisha kichwa kama mtu aliyeelewa kila kitu, na kwa kweli alikuwa ameelewa: pepo amekataza kiti chake kihamishwe. Nikamwona Matano ameshika kifua, macho yamemjaa maji, naye ameelewa kila kitu: akiuza shamba, kiti cha wadi kinampotea. Mimi nilikuwa nimekaa kati yao. Hakuna aliyeniambia nifasiri, maana hapakuwa na haja. Kilikuwa Kiswahili.

Nikanyamaza. Tena nilinyamaza kwa furaha.

Usiku huohuo Matano hakulala, akinisumbua: hatauza, lakini fedha za kampeni zitatoka wapi? Asubuhi Gerishom ndiye aliyemtoa gizani.

“Mheshimiwa, si hiyo ndiyo manifesto yenyewe? Huku wasee wote wameuza. Baba ameuza, mtoto anaishi kwa kukodi. Wewe hujauza. Sema hiyo tu, kila mahali.”

Na akaisema. Aliisema sokoni, akaisema matangani, akaisema kwenye harusi ya watu asiowajua. “Mimi sikuuza! La baba yangu sikuuza, na lenu sitauza!” Hakuwa na gari, alipanda pikipiki ya Menza. Hakuwa na fulana, vijana waliandika SIKUUZA kwa rangi kwenye fulana zao za zamani. Alifika mpaka Mkongani, ambako hakuna hata mpiga kura mmoja wa wadi yetu, kwa sababu alialikwa tu aje aseme. Wazee walilia. Nami nilipomwona amesimama juu ya kreti la soda, sauti imemkauka, nilimpenda kama siku ya kwanza, na nilimwonea huruma, kwa sababu nilijua kile ambacho yeye hakukijua.

Alishindwa. Alikuwa wa nne kati ya watano, na wa tano alikuwa ameshajitoa. Aliyeshinda aligawa unga.

Matano alikaa ndani mpaka aibu ikageuka hasira, kisha akavuka lami, nami nyuma yake. Mwanapili alikuwa barazani amekalia mbuzi yake, anakuna nazi.

“Pepo wako mwongo!” Matano akasema. Hakutoa hata salamu. “Alisema kiti hakitoki hapa!”

“Shikamoo, kaka,” Mwanapili akasema.

“Marahaba. Alisema, au hakusema?”

“Alisema.”

“Na kiko wapi? Kimekwenda kwa mgawa unga!”

Mwanapili akaweka kifuu chini taratibu, akajipangusa mikono kwa leso. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, na naapa hakuwahi kuitumia mbele ya kaka yake.

“Hicho kilichokwenda ni kiti chako. Kanali alitaja chake. Kiti ni mimi, kaka. Umeniona nimetoka?”

Matano akanigeukia mimi. Nilijaribu kuuzuia uso wangu, haukuzuilika.

“Nawe ulijua!”

“Menza alikwambia siku ya kwanza, nawe umesimama papo hapo,” nikasema. “Mtu anayetafuta kiti hasikii kiti cha mwenziwe.”

“Basi nauza,” akasema. “Wallahi nauza! Kesho nampigia yule mtu.”

Akaondoka kwa hasira, akashika njia ya dukani. Niliogopa kweli. Mwanapili naye aliogopa. Alikamata tena kifuu, lakini hakukuna, alikishika tu. Tukakaa hivyo mpaka Matano aliporudi.

Alirudi mpole. Baadaye ndipo nilipopata habari. Alipofika dukani tu, wale vijana wa pikipiki walisimama wote. “Sikuuza! Mheshimiwa Sikuuza, shikamoo!” Mzee mmoja wa upande wa mashamba ya bixa, ile miti ya mbegu za rangi, akamshika mkono, hataki kuuachia, akamwambia yeye alikuwa na mtu wa kumuuzia shamba lake na wiki ile amemfukuza, kwa ajili ya maneno yake. Mwenye duka akakataa kulipwa sukari. Simu yake ikalia papo hapo, mtu wa Nairobi, na watu wote wanamtazama. Akaizima.

Akapita barazani kwa dada yake, akasimama kidogo. “Hiyo nazi ya nini?” akamwuliza.

“Ya wali.”

“Utatuletea?”

“Nitawaletea.”

Hiyo ndiyo iliyokuwa suluhu yao. Hawajalizungumzia tena shamba, na huyo wa Nairobi nasikia amepata pengine. Kanali naye hajarudi. Menza alikuja mara moja kumpigia ngoma, akasikiliza, akasema hakuna kitu humo, akaomba kazi ya kutengeneza mlango.

Lakini mimi ni mtu wa kutaka kujua. Juzi tulikuwa tunaokota korosho, wawili peke yetu, nikamwuliza waziwazi.

“Wifi, hebu nambie. Yule Kanali alikuwepo kweli?”

Hakuinua kichwa. “Wote mlimwuliza habari za vita na pipa na vidole. Hakuna aliyeniuliza habari za dada yake.”

“Alikuwa na dada?”

“Lavinia. Hakuolewa. Alikaa shambani kwa baba yao, akamuuguza baba mpaka mwisho. Kanali alipotaka kugombea mara ya pili, hakuwa na fedha, akaliuza.” Akazitia korosho kikapuni. “Kitabu kizima kile, kinene hivi, Lavinia ana sentensi moja. Shamba likauzwa, na Lavinia akaenda.”

“Akaenda wapi?”

“Hata mimi nilimwuliza mzee, kila tulipofika hapo. Na kila mara alinambia, we soma tu, Mwanapili, endelea mbele.”